Barua ya Kufunga Muhula: Kliniki ya Shule na Afya ya Akili ya Watoto Wetu

Kwa wazazi na walezi wote,

Tunafunga shule leo. Matokeo ya mitihani mtayaona katika ripoti walizobeba watoto, kwa hiyo sitayarudia hapa. Nina haja moja tu ya kuwaandikia, nayo ni fomu ya ridhaa ya kliniki ya shule, yaani ya kumruhusu mtoto kuzungumza na mshauri wa kliniki, ambayo wengi wenu hamjairudisha.

Muhula huu tulikuwa na mwanafunzi aliyekuja kwa muuguzi mara kwa mara akilalamika tumbo. Alipewa dawa ya kutuliza maumivu, akajilaza kidogo, akarudi darasani, nasi tukaridhika. Muuguzi alipolipitia daftari lake ndipo alipogundua kwamba siku zote zile zilikuwa Jumatatu, tena kabla ya kipindi cha pili. Tumbo lilimuuma kweli, hakuwa akijisingizia. Ila kilicholiumiza ni hofu, na sisi walimu tulichelewa kuitambua. Naeleza haya kwa idhini yake na ya wazazi wake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Wengi hawamfikii mtaalamu, maana tiba ya mazungumzo haimaliziki kwa kikao kimoja, na si kila mzazi anaweza kuomba ruhusa kazini kila wiki huku mtoto naye akikosa masomo ya siku nzima. Kliniki ikiwa ndani ya uwanja wa shule, mtoto hutoka darasani, huzungumza na mshauri kwa muda wa kipindi kimoja, kisha huendelea na masomo yake.

Najua baadhi yenu mnachelea mtoto asije akabandikwa jina baya. Kumbukumbu za kliniki haziingii katika jalada la mwanafunzi, na hakuna mwalimu anayezisoma, mimi nikiwemo. Anayoyasema mtoto hubaki kati yake na mshauri, isipokuwa pale uhai wake au wa mwenzake unapokuwa hatarini, au anapofanyiwa ukatili. Hapo mshauri hulazimika kutoa taarifa, na mtoto huelezwa hivyo tangu kikao cha kwanza. Nawaomba sana, akitoka huko msimhoji alisema nini. Mwulizeni tu kama angependa kurudi.

Kliniki nayo inafungwa wakati wa likizo, jambo linalonikosesha utulivu. Mwangalieni mtoto ambaye usingizi wake umebadilika, anayesusa chakula, anayewakwepa marafiki aliowapenda, au anayeumwa kichwa na tumbo bila sababu kuonekana. Akitamka kwamba amechoka kuishi, msiyaone kuwa maneno ya kitoto wala msingoje shule ifunguliwe: msimwache peke yake, wekeni dawa na sumu mahali asipoweza kuzifikia, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nakala nyingine ya fomu hiyo imebanwa nyuma ya ripoti. Isomeni pamoja na mtoto, kwa kuwa yeye ndiye atakayeketi mbele ya mshauri, kisha aje nayo siku ya kufungua shule. Mzazi mwenye swali asilopenda kuliandika atanikuta ofisini wiki hii yote, asubuhi.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu