Nguruwe Wakianza Kufa, Pima Kabla ya Kuchinja

Simu nyingi hutufikia siku ya tatu au ya nne. Mfugaji ameshachoma sindano za OTC, dawa ya kuua bakteria, bila nafuu, nguruwe wawili wamelala chali, masikio na tumbo vimeiva wekundu, na jirani ameshamshauri nguruwe waliobaki awauze kwa watu wa kitimoto kabla hawajaisha. Hapo ndipo tunaambiwa, "Daktari, njoo uwaone."

Kwa kuwaona tu hatuwezi kukuambia kitu cha uhakika. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, hufanana mno na erisipela na salmonela. Hizo mbili ni za bakteria, dawa zake zipo. Homa ya nguruwe haina tiba, na hakuna chanjo yake inayotumika hapa Tanzania.

Ndiyo maana tunapima vinasaba vya kirusi chenyewe. Vinasaba hivyo (DNA) hutolewa kwenye damu, kisha mashine ya PCR huipasha moto na kuipoza mara 40 hivi. Kirusi kikiwepo, kipande chake huongezeka maradufu kila mzunguko mpaka mashine ikione. Sampuli ikishafika, kazi hiyo ni ya saa chache.

Shida kubwa huwa ni sampuli. Tunataka damu ya nguruwe aliye na homa, nyuzi 40 na kuendelea, kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. Cha kijani kina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo huivuruga PCR. Kama ameshakufa, bandama na tezi za limfu zinatosha, bila formalini (dawa ya kuhifadhi nyama za maabara). Wapo wanaotutumia kipande cha nyama kwa basi, kwenye mfuko unaovuja. Kirusi hiki ni kigumu, hata nyama iliyoanza kuoza mara nyingi hutoa jibu. Lakini ile damu inayodondoka stendi hadi stendi inapeleka ugonjwa kwa wengine. Afadhali tuje wenyewe na boksi la barafu, na buti tunabadilisha getini kwako.

Jambo moja tunalisema kabla ya kuchukua damu, maana wengine hukasirika baadaye: jibu likiwa chanya, afisa mifugo wa wilaya lazima ajulishwe, na karantini ni uamuzi wa serikali. Binadamu haambukizwi, ila nyama huhifadhi kirusi, na makombo ya hoteli yakirudi kuwa chakula cha nguruwe, banda jingine linaisha.

Jibu likiwa hasi, tunauliza damu ilichukuliwa lini. Iliyotolewa kabla homa haijapanda inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo tunarudia kwa nguruwe wengine wanaoumwa. Wakitoka hasi nao, tunageukia bakteria, na sindano utakayonunua baada ya hapo utakuwa unajua inatibu nini.