Je, ngumi ya pili inavunja utetezi wa kujikinga?

Asalaam aleikum wakili,

Sisi ni wasaidizi wa kisheria huku Kisauni, Mombasa. Tunamsaidia kijana mmoja hamali wa soko la Kongowea, aliyeshtakiwa kwa shambulio la kusababisha madhara ya mwili, kifungu cha 251 cha Sheria ya Adhabu. Kifungo chake chaweza kufika miaka 5, na kijana ana watoto wadogo.

Waligombania zamu ya kupakua lori la viazi, mwenzake akamjia na nondo. Kijana akaikinga kwa mkono wa kushoto, akarusha ngumi, nondo ikaanguka. Kisha akarusha ya pili, na hiyo ndiyo iliyompasua mlalamishi juu ya jicho.

Aliposomewa shtaka alijibu, "Ni kweli, lakini yeye ndiye aliyenianza." Hakimu akaandika kwamba amekana, na alifanya haki. Wengi hupotelea hapo: hutamka "ni kweli" wakidhani watajieleza baadaye, kumbe kilichobaki ni kuomba wapunguziwe adhabu tu.

Kijana hakwenda kuandikisha OB (kitabu cha matukio cha polisi) siku ile, na aliyetangulia kituoni ndiye aliyekuwa mlalamishi. Lakini kadi ya hospitali ya kijana ya tarehe hiyo hiyo inataja uvimbe upande wa nje wa mkono, chini ya kiwiko, pale pale mtu anapopigwa akijikinga. Tumepata pia picha za kamera ya duka la jirani kabla hazijafutika, na msimamizi wa mtambo ametia saini cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kati ya ngumi mbili zile pana sekunde mbili hivi, na mlalamishi anaonekana ameinama, mkono umeelekea chini. Anaokota nondo, au anayumba? Kesi nzima imesimama hapo.

Kuna anayeshauri tuongeze hoja ya uchokozi, yaani kwamba kijana alichokozwa hadi akapandwa na hasira. Sisi hatukubali. Uchokozi hushusha mauaji ya kukusudia yakawa ya bila kukusudia. Kwenye shambulio hupunguza adhabu tu. Tena ukisema alipandwa na hasira, umeshakiri kwamba ngumi ya pili haikuwa ya kujikinga.

Akipatikana na kesi ya kujibu, je, aape? Maelezo bila kiapo yatamwepusha na maswali ya kiongozi wa mashtaka, ila huwa hayana uzito mkubwa, na hapa mahakama itataka kujua aliamini nini nondo ilipokuwa chini. Tunaelekea kwenye kiapo, ingawa kijana hukasirika upesi akibanwa.

La mwisho ni suluhu. Wazee wa pande zote mbili wamekubaliana fidia ya Sh30,000, na kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho kwa kosa kama hili. Hata hivyo, mlalamishi hawezi kuiondoa kesi kwa hiari yake, lazima mahakama iridhie. Tunachohofia ni pesa kutumwa kwa M-Pesa mapema, mahakama ikatae, halafu ujumbe ule uletwe kama ungamo. Tuandike vipi makubaliano ili yasihesabiwe kuwa kukiri kosa, na fidia ilipwe lini?