Barua ya wazi kwa madereva wa njia ya Kigoma na Tabora

Wanangu madereva,

Nawasalimu kutoka Mwanga, Kigoma, ninakopumzika baada ya miaka mingi ya usukani. Nawaandikia kuhusu kukoroma, jambo ambalo tumezoea kulichekea.

Usiku mmoja nililala chumba kimoja na dereva mwenzangu pale Urambo. Alikoroma kwa nguvu, kisha akanyamaza ghafla. Tumbo lilikuwa likihangaika kupanda na kushuka, lakini puani hapakutoka hewa. Nilitazama saa yangu, zikapita sekunde 30 na ushei, ndipo aliposhtuka kama mtu aliyeibuka majini, akavuta pumzi kwa kishindo na kuanza upya. Asubuhi hakukumbuka lolote ila alilalamika kichwa kinamgonga, na kabla hatujafika Kaliua alikwishaanza kusinzia. Nilidhani ni uchovu, nikanyamaza. Baadaye presha yake iligoma kushuka hata kwa dawa za aina tatu, kisha kiharusi kikampooza upande wa kulia.

Madaktari huliita tatizo hilo apnia ya usingizi. Misuli ya koo hulegea hadi njia ya hewa inaziba kwa sekunde 10 au zaidi, na kwa mgonjwa aliyezidiwa hutokea mara 30 au zaidi katika kila saa. Kila inapoziba, oksijeni hupungua katika damu, ubongo hushtuka, mishipa hubana na presha hupanda kwa ghafla, wakati ambapo kwa mtu mzima wa afya hushuka ili moyo upumzike. Moyo unaokosa pumziko hilo kwa miaka huweza kunenepa misuli na kupoteza mpangilio wa mapigo. Damu ikituama humo huganda, na donge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi.

Kwa hiyo muulizeni mke au utingo wako anachokisikia usiku, na hata aliye mwembamba asijitoe. Punguzeni uzito, laleni kwa ubavu, acheni bia ya kutafutia usingizi kwa sababu huzidi kulegeza koo. Ipo pia mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan huko Sydney, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo huliacha koo wazi usiku kucha. Dawa za presha msiziache. Na mkienda kliniki, nendeni na huyo anayelala karibu nanyi, ili aeleze mwenyewe kwa daktari jinsi pumzi inavyokatika.

Mzee wenu,
Dereva mstaafu, Mwanga, Kigoma