Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: bajeti ya kupima saratani kwa damu ianzie kwenye mrija wa kukusanyia damu

Mheshimiwa Waziri,

Kipimo cha damu kinachosaka vipande vya DNA ya saratani kinastahili kuingia hospitali za umma. Mgonjwa wa saratani ya mapafu asiyeweza kukatwa kipande kidogo cha uvimbe kwa uchunguzi (kinyama) anaweza kupimwa badiliko la jeni ya EGFR kwa damu tu, akachaguliwa dawa. Marekani iliidhinisha kipimo cha namna hiyo mwaka 2016. Tunachoomba ni kwamba mrija na usafirishaji vitengewe fedha kabla ya mashine ya kusoma DNA.

Mililita 10 za damu hutoa takriban mililita 4 za plazma, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe. Tukipata humo nanogramu 20 za DNA, hizo ni nakala kama 6,000 za jenomu (seti nzima ya DNA ya mtu), na karibu zote ni za seli zisizo na saratani. Uvimbe mchanga ukichangia kipande kimoja kati ya 10,000, huenda mrija mzima usiwe nacho. Hapo mashine ya bei yoyote haisaidii kitu.

Halafu kuna kuchelewa. Chembe nyeupe zikipasuka mrijani humwaga DNA yake na kuizamisha ile ya saratani. Mrija wa EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, uzungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa 4 hadi 6. Kituo cha mbali kipewe mirija yenye dawa ya kulinda chembe, inayovumilia siku kadhaa bila jokofu. Damu ambayo haijatenganishwa isigandishwe kwa barafu kamwe. Mzunguko wa kwanza ni g 1,600 (mara 1,600 ya nguvu ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10. Plazma ifyonzwe taratibu, nyingine iachwe juu ya tabaka jeupe la chembe nyeupe (pupa ya hapa huharibu kazi yote), kisha izungushwe tena kwa g 16,000, dakika 10, na kuhifadhiwa nyuzi −80.

Tabaka hilo jeupe lisitupwe. Wazee wengi wana chembe za damu zenye mabadiliko yake zenyewe kwenye jeni za DNMT3A, TET2, hata TP53. Lisipopimwa sambamba na plazma, mtu ataambiwa ana saratani asiyokuwa nayo.

Tunaomba pia fomu ya majibu iandike "badiliko halikuonekana", isiandike "hana saratani", na chini yake daktari aelekezwe kuchukua kinyama pale dalili zinapobaki.

Wako katika utumishi,
Wataalamu wa maabara ya vinasaba