Kwa mamdogo wangu wa Mikindani, kuhusu dawa ya mionzi

Shikamoo mamdogo.

Tangu nitoke huko sijatulia. Asubuhi ile uliponiletea kahawa, kikombe kilikuwa kinagongagonga kisahani mkononi mwako, na kanga inakuzunguka kiuno mara mbili. Tezi ya shingo inakumaliza, vidonge vimeshindwa. Daktari amekuandikia uende hospitali ya Ocean Road, Dar, ukameze dawa ya mionzi, nawe unasema bora ufe na rovu lako kuliko kwenda kuunguzwa.

Huunguzwi, mamdogo. Ni madini joto, kama yaliyomo kwenye chumvi ya dukani, ila haya yana mionzi. Tezi huyavuta yenyewe, na mionzi inayotibu inafanya kazi humo humo, haiendi mbali. Unameza kidonge kwa maji, basi. Dawa hii ilianza kutibu tezi Boston, Marekani, mwaka 1941, bibi hajakuzaa. Kila baada ya siku 8 nguvu yake hupungua nusu, na ile ambayo tezi haikuikamata hutoka zaidi kwa mkojo, siku mbili za mwanzo.

Siku hizo za mwanzo ndizo zinazoninyima usingizi, maana mionzi mingine hutoka mwilini ikamfikia aliye karibu nawe. Dar mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, mchana kutwa umebanana kitini na mtu ambaye huenda ni mjamzito au kapakata mtoto. Na ukifika nyumbani, mjukuu hapati usingizi ila kifuani kwako, na mkamwana wako ana mimba ya miezi saba. Usipande basi! Kaa kwangu. Chumba cha uani kina choo chake. Utalala peke yako, sahani yako peke yako, maji unywe kwa wingi, chooni umwage mara mbili. Idadi ya siku ataisema daktari, nami nitazihesabu.

Wakikuambia kabla ya dawa uache samaki wa bahari na chumvi ile, acha kweli. Mwani unaouanika nao usiuonje, umejaa madini joto. Tezi ikishiba hayo, dawa haipati pa kuingia.

Sikufichi: baadaye tezi inaweza kulala kabisa, ukawa unameza kidonge kila asubuhi maisha yako yote. Na macho yako yanavyochomoza mwambie daktari mapema, maana dawa hii yaweza kuyazidisha.

Nauli ya kuja nimeshaituma kwenye simu ya mkamwana. Chandarua kipya nimekifunga jana.

Mwanao.