Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya misitu: majani yetu bado yamo kwenye droo

Mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Mpwapwa. Jana nilipanda kilimani, nikakuta namba saba, mmoja wa miti adimu tunayoitunza, haupo. Umekatwa usawa wa goti, na kibati chake chenye namba kinaning'inia kwenye tawi lililotupwa pembeni. Nahisi ni mkaa, maana magogo yote yamebebwa. Nimekizungushia kisiki miiba ya migunga mbuzi wasikifikie kikichipua, kisha nikaketi pale mpaka jua likazama.

Jina la mti huu silitaji, wala la kilima, kwa sababu wauza mbegu adimu nao wanasoma. Wewe unalijua, limo kwenye jalada lako.

Mheshimiwa, mwaka juzi ulisimama kitaluni kwetu, ukashika mche mkononi, ukaahidi mbele ya wazee wa kijiji kwamba kibali cha kupima vinasaba kitatoka kabla ya masika. Masika yamepita mara mbili. Nimekuja ofisini mara sita, kila mara kwa nauli yangu, na kila mara naambiwa jalada liko mezani.

Labda huko mezani linaonekana jambo la kitaalamu linaloweza kusubiri, kwa hiyo nieleze tunachokiona huku. Tulihesabu mashina 11, watu wakafurahi kwamba tuna miti 11. Siku moja nikafukua taratibu kwa kijembe kati ya namba mbili na namba tatu. Nikakuta mzizi mnene kama mkono wa mtoto umetoka huku ukaingia kule. Ni mti mmoja, umechipua mara mbili. Basi huenda hatuna miti 11. Huenda ni mitano, huenda ni mitatu. Kwa macho huwezi kujua, na siwezi kufukua kilima kizima bila kuiua mizizi yenyewe. Lakini jani moja kavu likipimwa maabara linasema: huyu na huyu ni mwili mmoja, huyu ni ndugu, yule ni mgeni kabisa.

Na mbegu ni mapepe. Ukiiminya inapasuka, ndani hamna kitu. Mimi nadhani miti inapokea chavua ya ndugu zake. Mwenzangu anasema ni ukame, au nyuki wamepungua. Yote yanawezekana. Ninachojua ni kwamba kitaluni nina viriba 214, na 190 kati yake ni watoto wa namba nne, kwa kuwa ndiye pekee anayetoa mbegu nzima. Nikiipanda yote, nitajaza kilima ukoo mmoja. Ugonjwa utakaomwangusha mmoja utawamaliza wote. Nikiiacha kwenye viriba, mizizi inajikunja na miche inadumaa. Mwaka wa pili huu naimwagilia kwa maji ya kununua.

Afrika Kusini kuna mmea uitwao Encephalartos woodii. Mtaalamu wa mimea Medley Wood aliukuta msitu wa Ngoye mwaka 1895, mmoja tu, dume. Jike halijapatikana hadi leo. Leo umo kwenye bustani nyingi duniani, lakini yote ni machipukizi ya dume lile lile, na hakuna mbegu yake halisi. Hapa kwetu, mti uitwao Karomia gigas ulidhaniwa umetoweka, mpaka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena Kilwa mwaka 2011, miti michache tu. Mwaka 2018 mbegu zake zilivuka bahari hadi Missouri Botanical Garden, St. Louis, Marekani, na nyingi zilikuwa zimeshambuliwa na kuvu. Nikisikia habari hiyo naziona mbegu zangu.

Majani ya mashina yote 11 tulishayachuma, Mheshimiwa. Kila moja lina bahasha yake na punje za silika za kunyonya unyevu, nilizozinunua baada ya kuuza mbuzi. Yako kwenye droo ofisini kwenu, yakisubiri saini. Mwezi uliopita niliomba niyaone. Punje zilikuwa za rangi ya chungwa nilipozikabidhi. Nimezikuta za kijani. Zimejaa unyevu. Jani likikaa na unyevu, vinasaba vinaharibika, na hapo hata ukitoa kibali hakutakuwa na cha kupima. Niliomba nibadilishe punje tu, nikaambiwa nisiguse, jalada halijarudi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuomba mengi: mlinzi kilimani, tangi la maji, kivuli kipya cha kitalu. Yote nayaacha. Bahasha ya namba saba imo kwenye droo ile, na kisiki chake kisipochipua, jani lile ndilo pekee lililobaki la mti ule. Huenda ndiye alikuwa mgeni kati ya ndugu. Huenda ndiye aliyekuwa baba wa mbegu za namba nne. Sijui, na bila jani lile sitajua kamwe.

Naomba saini hiyo. Sihitaji gari la serikali wala posho. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwenu na punje mpya, kavu. Nikipewa bahasha zangu, nitapanda treni siku hiyo hiyo kwenda Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nikizipakata mwenyewe.

Mtunza kitalu,
Mpwapwa