Barua kwa mwanangu: Kuwa peke yako na kuona upweke

Mwanangu mpendwa,

Nimeupata ujumbe wako. Umeniuliza kama maneno ya Kiingereza alone na lonely ni kitu kimoja. Hapana, mama, na tofauti yake inafaa uijue vizuri.

Alone ni hali inayoonekana kwa macho: mtu yuko peke yake, basi. Lonely iko moyoni, na anayeijua ni mwenye moyo. Ndiyo maana mtu anaweza kusema I was alone but I wasn't lonely: nilikuwa peke yangu, lakini sikuona upweke. Kinyume chake pia hutokea, mtu akawa katikati ya ndugu na marafiki na bado akawa lonely.

Katika sarufi, sema a lonely man, usiseme an alone man, kwa kuwa alone haikai mbele ya nomino. Hiyo -ly ya mwishoni isikupoteze ukadhani ni kielezi kama slowly. Lonely ni kivumishi. Huelezea hata mahali: a lonely road ni barabara yenye ukiwa, isiyo na wapita njia. Wamarekani hupenda pia kusema lonesome. Ama solitude, hiyo ni faragha ambayo mtu ameitafuta mwenyewe ili asali, asome au awaze. Wahenga walisema upweke ni uvundo, lakini sidhani walikuwa na maana ya faragha ya namna hiyo. Mtu anaihitaji.

Sasa niiache sarufi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Weiss, aliugawa upweke sehemu mbili. Kuna upweke wa kumkosa mtu wako wa ndani, yule unayemfungulia moyo bila kupima maneno. Na kuna upweke wa kukosa kundi, kukosa wenzio wanaokuhesabu kuwa mmoja wao. Weiss alisema dawa ya upweke mmoja haiutibu ule mwingine, nami naamini alisema kweli. Mjane anaweza kujaliwa majirani wema wa kumjulia hali kila siku, na usiku akalala na pengo lile lile. Aliyehamia ugenini na mume ampendaye anaweza kunyong'onyea kwa sababu hana rafiki wa kike hata mmoja, na mume akashangaa amemkosea nini. Hajamkosea. Kinachokosekana si yeye.

Jambo la pili lilielezwa na John Cacioppo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeutafiti upweke kwa miaka mingi. Kwake upweke ulikuwa ishara kama njaa au kiu: mwili unakwambia kuna kitu unakihitaji. Hapo hapana aibu yoyote. Lakini ukikaa nao muda mrefu, unakufanya uwe na tahadhari na watu. Ujumbe usiojibiwa unauona dharau, kicheko cha pembeni unadhani unachekwa wewe, basi unajitenga, na upweke unazidi. Ukijikuta hapo, usiiamini haraka tafsiri ya kwanza inayokujia.

Wala usidhani ni maradhi yako peke yako. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata 2021, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema unamgusa takriban mtu mmoja kati ya sita duniani.

Hukuniambia kama umeuliza kwa ajili ya masomo au kwa ajili yako. Kama ni kwa ajili yako, niambie ni upi kati ya ile miwili. Ukiwa unakosa mtu wa kumwambia yaliyo moyoni, nipigie simu hata usiku wa manane, nitapokea. Ukiwa unakosa kundi, simu zangu hazitatosha, na nisingependa uzifanye kisingizio cha kubaki chumbani. Ingia kwenye kwaya, timu au kikundi cha kusoma, popote watu wanapokutana kila wiki, na uende hata siku usiyojisikia.

Nasubiri jibu lako.

Akupendaye,
Baba